Kiuno cha Ishirini na Tisa

Katika chumba cha ushonaji cha Sabiha Luqmani, Iringo, mjini Musoma, kioo kirefu kinatazama ukuta. Mteja akitaka kujiona hukigeuza mwenyewe, na akiondoka Sabiha hukirudisha kilivyokuwa. Fundi wa jirani anasema kioo hicho kilianza kutazama ukuta mwaka 2021. Sabiha anasema ni kwa ajili ya vumbi.

Ana miaka hamsini na moja. Ameshona nguo za kike kwa miaka ishirini na saba, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo mwili wake ulikuwa miongoni mwa vifaa vyake vya kazi, kama mkasi na pasi.

Mwaka 1998 mwalimu kijana aitwaye Jeska Masatu, mzaliwa wa Butiama, alipanga chumba Kamunyonge, katika nyumba ya Mwanahalima, mama yake Sabiha. Alileta kitambaa cha sketi na blauzi. Siku ambayo nguo ilikuwa tayari Jeska alikuwa shuleni, na Sabiha hakutaka kungoja hadi jioni ili ajue kama pindo limekaa. Akaivaa mwenyewe. Ikamkaa bila mkunjo. Akafungua daftari la vipimo: kifua thelathini na sita, kiuno ishirini na tisa, hipsi thelathini na nane. Akajizungushia futi. Namba zilikuwa zile zile.

Tangu siku hiyo Jeska hakupimwa tena. Alipohamishiwa shule moja ya Butiama alianza kutuma vitambaa kwa basi, vimefungwa ndani ya gazeti, na juu ya gazeti akaandika maneno mawili ambayo hakuyabadilisha kwa miaka yote iliyofuata: Jipime, umenipima. Sabiha alishona, akavaa, akajitazama, akavua, akarudisha kwa basi. Jeska hakurudisha hata nguo moja ili irekebishwe. Wakaitana pacha, na watu wa Kamunyonge nao wakawaita hivyo, ingawa mmoja ni Mzanaki na Mkristo, na mwingine ni mjukuu wa mfanyabiashara Mwislamu aliyefika Musoma kutoka Tabora.

Jeska alipojifungua binti, Gloria, Sabiha ndiye aliyembeba kutoka hospitali. Njiani wakakubaliana kwamba siku ya kumuaga Gloria akienda kuolewa wataingia ukumbini wawili, bega kwa bega, katika nguo za kitambaa kimoja. Sabiha alikuwa na miaka ishirini na sita. Hakuna aliyeona haja ya kuongeza kwamba vipimo navyo vitakuwa vimoja.

Mwili wake ulianza kwenda njia yake alipofika miaka arobaini na sita. Hedhi ikawa inakuja inavyotaka. Joto lilimpanda kifuani akiwa kwenye cherehani, akalazimika kuacha kazi na kujipepea kwa kipande cha karatasi ya paterni. Sketi zikabana, kwanza baada ya kula tu, halafu hata asubuhi. Akiwa na miaka arobaini na nane alivaa gauni la Jeska ili alijaribu, na zipu ikagoma katikati ya mgongo. Alilivua taratibu, kama mtu aliyejaribu nguo ya mwingine bila ruhusa. Siku hiyo ndipo kioo kilipogeuzwa.

Hakumwambia Jeska. Nyumbani alikuwa na gauni la bluu la mwaka 2015, la vipimo vya zamani. Akalileta kazini akalificha ndani ya mfuko chini ya meza. Kila kitambaa kilipofika kutoka Butiama alilitoa, akalipima, akakata. Jeska aliendelea kupata nguo zinazomkaa na aliendelea kuandika yale maneno mawili.

Ni kweli kwamba walionana mara kwa mara, na Jeska ana macho. Lakini Sabiha huvaa baibui na madera mapana, na kati yao wawili jambo lisilotajwa lilihesabiwa kuwa halijatokea. Kilichomchoma si unene wenyewe. Wateja wake wengi wa rika lake walikuwa wamenenepa, na yeye ndiye aliyewaongezea vitambaa pembeni kwa miaka mingi, akiwatania. Kilichomchoma ni kwamba Jeska hakuwa miongoni mwao. Miaka ile ile, uzazi ule ule wa watoto watatu, na kiuno ishirini na tisa.

Sikukuu ya Idi mwaka jana Jeska alikuja Kamunyonge. Alikula pilau sahani mbili na vipande vitano vya nyama, akanywa soda yote. Sabiha alihesabu. Yeye alikuwa amejipakulia vijiko vitatu na kachumbari. Shomari, mumewe, ambaye huuza kamba na nyavu karibu na mwalo, alikuwa amekaa kwenye kochi akifurahia wageni.

"Nyie mlikuwaga pacha," alisema. "Sasa naona mmoja kamzaa mwenzake."

Watu wote sebuleni walicheka. Sabiha alicheka. Jeska alicheka akiwa ameweka mkono mdomoni. Utani wa Shomari ulisahaulika kabla sahani hazijaoshwa, kwa kuwa Sabiha amezoea mdomo wa mumewe. Kicheko cha Jeska hakikusahaulika. Anasema hata leo anaweza kueleza ni vidole vingapi vilifunika mdomo.

Wiki iliyofuata alikwenda Bunda kununua zipu na nyuzi za jumla, kama anavyofanya kila mwezi. Karibu na soko kulikuwa na kijana anauza chai ya kukata tumbo.

"Mama, wiki mbili tu. Kiuno kinarudi kama cha binti."

"Binti yupi?"

"Binti yeyote, mama. Wewe chagua."

Akanunua pakiti tatu. Zilimpeleka chooni siku nne mfululizo, na siku ya tano akaona kizunguzungu akiwa amesimama mbele ya pasi. Fundi wa jirani akampeleka kituo cha afya. Nesi aitwaye Esther alimpima presha, ikawa juu. Alimpima uzito: kilo sabini na nne. Kwenye kadi ya kliniki ya mtoto wake wa mwisho, Ikhlas, alikuwa na sitini na moja.

"Hedhi ya mwisho uliona lini?"

"Mwezi wa nne. Kabla ya hapo, mwezi wa kumi na moja."

Nesi akaweka kalamu chini. Alimweleza kwamba mwanamke anapoelekea ukomo wa hedhi homoni ya kike hupungua, na kwa umri ule misuli nayo hupungua, hivyo mwili unahitaji chakula kidogo kuliko zamani lakini mwenyewe anaendelea kuupa kile kile. Mafuta yaliyozoea kukaa mapajani huhamia tumboni. Kukosa usingizi kwa sababu ya joto nako huongeza njaa.

"Kwa hiyo ni ugonjwa."

"Si ugonjwa. Ila mafuta yakikaa hapo tumboni yanaalika magonjwa, presha na sukari. Unakaa kwenye cherehani saa ngapi kwa siku?"

"Kumi."

"Anza kutembea. Ndoo ya maji beba mwenyewe, misuli inataka kazi. Ugali punguza, usiuache. Na hiyo chai yako katupe."

Sabiha alikuwa na swali moja tu lililobaki, na ndilo alilokuja nalo.

"Nina mwenzangu, dada. Tumelingana miaka. Vipimo tulilinganaga mpaka inchi. Yeye hajaongezeka hata kidogo. Kwa nini?"

"Huyo mwenzako mimi sijampima," nesi alisema, akaita mgonjwa mwingine.

Alifuata alichoambiwa. Kila asubuhi alitembea kutoka Kamunyonge hadi Iringo. Baada ya miezi mitatu presha ilikuwa imeshuka na usingizi umerudi kiasi. Kiuno kilikuwa thelathini na sita kama alivyokiacha. Esther alimwambia hayo ni maendeleo mazuri. Sabiha alimshukuru, lakini moyoni hakuyahesabu, kwa sababu hayakuwa maendeleo ambayo Jeska angeyaona.

Mwezi wa saba mwaka huu basi la Butiama lilileta mzigo mzito kuliko kawaida. Ulikuwa vitenge vya rangi ya damu ya mzee vyenye majani ya dhahabu, vya kutosha magauni mawili. Sendofu ya Gloria ilikuwa imepangiwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa nane mchana. Jina la Sabiha lilikuwa limechapwa kwenye kadi kama mama mlezi. Juu ya gazeti, kwa mwandiko wa mwalimu: Jipime, umenipima.

Sabiha alikaa na maneno hayo siku nzima. Kisha alifanya jambo ambalo fundi mwingine yeyote asingeweza kulifanya kwa mteja mwingine yeyote. Alitii. Aliliacha gauni la bluu ndani ya mfuko wake, akasimama katikati ya chumba, akashusha pumzi zote, akajizungushia futi bila kuikaza. Thelathini na sita. Hipsi arobaini na tatu. Akakata gauni la Jeska kwa namba hizo. Kama angeulizwa, angejibu kwamba aliambiwa ajipime, akajipima.

Ilipofika zamu ya gauni lake mwenyewe akajipima tena. Safari hii alivuta tumbo ndani, akashikilia pumzi, akakaza futi mpaka ikaacha alama kwenye ngozi. Thelathini na mbili. Akakata. Mwili ulikuwa mmoja, asubuhi ilikuwa moja, na kati ya gauni na gauni zilikuwepo inchi nne.

Jeska alipopiga simu kuuliza kama mzigo utafika kwa basi la Alhamisi, Sabiha alimwambia umeme unasumbua, atayaleta magauni mwenyewe siku yenyewe. Umeme haukuwa unasumbua. Alitaka isibakie nafasi ya kurekebisha.

Alifika Butiama saa nne asubuhi. Uani wanawake walikuwa wanachambua mchele na wengine wanakwangua magamba ya sato. Jeska alimvuta chumbani, akafunga mlango, akavua dera na kuvaa gauni lake kwa haraka ya mtu asiyetarajia tatizo.

Lilimpwaya kila mahali. Mabega yalianguka. Kiunoni alikusanya kitambaa cha ziada kwa mkono, kikajaa ngumi nzima. Gloria, nywele zikiwa bado kwenye rola, aliingiza kichwa mlangoni.

"Mama, hiyo ya nani?"

"Toka," Jeska alisema, na mlango ukafungwa.

Akakaa kitandani akiwa bado amelivaa.

"Pacha, ulipima nini?"

"Uliandika nijipime."

"Miaka yote naandikaga hivyo." Alimtazama Sabiha tumboni, mara ya kwanza bila kukwepesha macho. "Na hizi ulizonishonea mwaka jana, na juzi? Mbona zilinikaa?"

"Nilikuwa natumia gauni la bluu."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Ukataka niingie mbele ya wakwe zangu nimevaa gunia."

Sabiha anasema alikuwa na majibu matatu aliyoyaandaa ndani ya basi, yote mazuri, na hakulitumia hata moja.

"Nilitaka siku moja usipendeze," alisema.

"Ukachagua siku ya binti yangu."

"Siku ndiyo ikawa hiyo."

Nje mtu alikuwa anauliza chumvi iko wapi. Jeska alipaza sauti kumjibu, kisha akamgeukia Sabiha.

"Ungeniambia tu kwamba magauni yangu huyavai tena."

"Ningekuambiaje?"

"Kwa mdomo, mama Ikhlas." Hakusema pacha. "Vaa la kwako nione."

Sabiha alivaa. Zipu ilipanda hadi katikati ya mgongo ikakwama. Jeska alisimama nyuma yake, akashika kitambaa kwa mikono miwili, akavuta. Haikusogea. Akavuta tena. Kisha akamgeuza, akaangalia mishono ya pembeni ilivyovutika, akaangalia gauni alilovaa yeye, na akaelewa jambo lote bila kuelezwa. Hakuwa mwalimu wa hesabu bure.

"La kwangu ulipima pumzi zikiwa nje," alisema. "La kwako ukapima zikiwa ndani."

Akaanza kuvua.

"Vua na wewe. Tubadilishane."

"Siingii na hilo."

Hapo ndipo palipokuwa na mgogoro wenyewe. Kulivaa gauni la thelathini na sita mbele ya watu mia mbili, ubavuni mwa Jeska, kitambaa kimoja, bila baibui, ilikuwa kukiri hadharani kile ambacho kioo kilikuwa kimegeuzwa ili kisikiseme. Na asipolivaa, ahadi ya siku ile ya kutoka hospitali ingetimizwa na mtu mwingine. Wifi yake Jeska alikuwa uani, amependeza tayari, na asingehitaji kuombwa mara mbili.

"Kadi imeandika mama wawili," Jeska alisema. "Usipoingia nitaingia peke yangu, na wakiniuliza nitawaambia kwa nini."

Sabiha alichukua gauni. Lilipita mabegani. Zipu ilipanda mpaka juu kwa kidole kimoja. Kifua kilikaa mahali pa kifua, mikunjo ya kiunoni ikafuata mwili badala ya kupigana nao, na pindo likasimama sawa pande zote. Ilikuwa nguo ya kwanza katika miaka mitano aliyoshona kwa vipimo vyake vya kweli, na aliishona kwa ajili ya kumwaibisha mtu. Jeska alimzunguka mara moja, kama mteja anayekagua.

"Umeishona vizuri," alisema. Sauti yake haikuwa ya kusifu.

Kazi iliyobaki ilikuwa inchi tatu za gauni la pili. Sabiha alilibeba, Jeska akimfuata, hadi nyumba ya jirani mwenye cherehani ya mguu, akalipunguza, inchi hizo tatu akizigawa kwenye mishono minne ili majani ya kitenge yasikatike vibaya. Hakutumia gauni la bluu wala namba za kichwani. Alimweka Jeska amesimama sebuleni kwa jirani na kumchomeka pini, mara ya kwanza tangu mwaka 1998 kumgusa kiuno kwa kazi. Saa saba na nusu walikuwa tayari.

Mshereheshaji alipowaita waliingia bega kwa bega wakicheza kwa hatua fupi, nyuma ya Gloria. Shangazi mmoja wa Jeska, aliyekuja kutoka Mugeta akiwa na kuku wawili, alisema kwa sauti ya watu wasiosikia vizuri:

"Huyu wa Musoma ndiye mama wa harusi. Huyu wetu mbona kakauka, hamumlishi?"

Jeska alisikia. Sabiha naye alisikia, na haoni sababu ya kuficha kwamba ilimpendeza, tena zaidi ya ilivyostahili. Halafu wapiga picha waliwasimamisha pamoja, Sabiha akatupa jicho pembeni kwenye kiuno cha Jeska, na raha ikaisha.

Baada ya sendofu mabasi ya Butiama hayakuleta tena mzigo wa Jeska. Mwezi wa nane ulipita, wa tisa, wa kumi. Utingo alimwambia, bila kuulizwa, kwamba Mwalimu Jeska siku hizi anashonesha kwa fundi mmoja pale pale Butiama, kijana hodari. Sabiha alikuwa amemwonea wivu Jeska kwa miaka mitano. Sasa akaanza kumwonea wivu fundi ambaye hajawahi kumwona. Jeska alipoweka kwenye simu picha ya mahafali ya shule, Sabiha aliikuza kwa vidole viwili mpaka sketi ikajaza kioo cha simu. Pindo lilikuwa linapanda kushoto. Aliitazama picha hiyo mara nyingi wiki ile.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, Jumamosi asubuhi, Jeska aliingia chumbani Iringo, kitambaa mkononi, bila gazeti. Alisalimia. Akaenda ukutani, akageuza kioo.

"Nipime," alisema.

"Na fundi wako?"

"Anapindisha."

"Nimeona."

"Najua umeona. Nipime."

Sabiha alitoa futi shingoni. Mabega, kifua, urefu wa mkono. Alipofika kiunoni alizungusha, akasoma, akafungua, akazungusha tena.

"Ngapi?" Jeska aliuliza.

"Thelathini."

"Umekaza?"

"Sijakaza. Nimepima mara mbili."

Jeska alijitazama kwenye kioo, akashusha mabega. "Basi andika." Kisha akanyoosha mkono. "Lete futi. Na wewe pia. Fundi hawezi kujipima mgongo. Simama hapa. Usivute tumbo."

"Sijavuta."

"Umevuta. Pumua."

Sabiha alipumua. Ilikuwa thelathini na tano na nusu. Matembezi ya kila asubuhi yalikuwa yamelipa nusu inchi, na Jeska ndiye aliyeisoma kwa sauti.

Daftari la vipimo sasa lina kurasa mbili zinazotazamana, moja ya kila mmoja, zenye tarehe ile ile. Kioo siku ile kilibaki kilivyoachwa hadi jioni, Sabiha alipokirudisha, kwa ajili ya vumbi. Kwenye ukurasa wa Jeska namba zote zimeandikwa kwa mwandiko mdogo wa fundi anayebana nafasi, isipokuwa moja. Ile thelathini imeandikwa kwa tarakimu nene, na imepigiwa mstari chini.